Fundi Aliyezifungulia Diski Kadi

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba pacha si nakala alikuwa amebana bisibisi kwa meno, na nilidhani ananitania. Mimi ni karani wa kumbukumbu. Siku hiyo nilikuwa nimeingia chumba cha seva kuuliza kwa nini kompyuta za mapokezi zimeganda, nikamkuta fundi wetu mwanamke amepiga magoti, ushungi ameufungia kisogoni kama anayekwenda shamba, na matumbo ya mashine yako nje. Alitoa bisibisi mdomoni, akanitazama juu ya miwani.

"Humu mna diski mbili," akasema. "Kila unaloandika kule mapokezi linaandikwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Ni pacha. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, wala ninyi hamjui. Lakini ukimfundisha pacha mmoja uongo, na mwenzie anausema uleule. Kwa hiyo hao si nakala. Nakala ni yule anayelala nyumba nyingine. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa kitu.

Hospitali yetu ina mafundi wengi, wa mabomba, wa umeme, wa vitanda, wa jokofu la chanjo. Ukisema Fundi bila kuongeza neno, ni yeye. Madaktari walimwita hivyo, wapishi walimwita hivyo, na hata wagonjwa wa muda mrefu waliomwona akipita na kikapu chake cha ukili chenye nyaya na plasta. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mishahara, na nadhani liliishia hapohapo. Habari za ukoo wake waulize wanaopenda koo. Mimi nitasema niliyoyaona, na mtu akija kuniambia alikuwa bibi mkorofi tu aliyependa kufunga milango, huyo nitamjibu.

Kila asubuhi alianzia chumba cha seva kabla hajaweka kikapu chini. Aliwasha kioo, akaisalimu mashine kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kisha akaandika amri fupi na kutazama herufi mbili tu. Zilikuwa U mbili, zimesimama pamoja ndani ya mabano. U moja kwa diski moja. Diski ikifa, U yake inatoweka na mahali pake unabaki mstari mdogo chini, kama pengo la jino. Hakutaka taa ya kijani wala barua pepe imwambie mambo ni mazuri. Alitaka kuziona U zake kwa macho. Mashine yenyewe ilitumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na kazi hiyo ya kuunganisha diski ilifanywa na programu tu, bila kifaa cha ziada cha bei mbaya. Hilo alilipenda sana. Mtu akimwambia hospitali kubwa zina mitambo maalumu, alijibu kwamba hospitali kubwa zina pia watu wa kulaumiwa wengi zaidi.

Alikuwa na desturi iliyowashangaza wageni. Kila diski iliyoingia kwenye mashine aliifungulia kadi ya mgonjwa, kadi ileile ya kijani tunayowapa watu. Kwenye nafasi ya jina aliandika ile namba ndefu iliyochapwa ubavuni mwa diski, tarakimu zote. Tarehe ya kulazwa. Mahali, yaani kitanda cha juu au cha chini. Kisha malalamiko: imechelewa kusoma, imepata joto, imeonyesha doa la kwanza, yaani mahali pasiposomeka tena. Namba hiyohiyo aliinakili kwenye kipande cha plasta ya vidonda, akakibandika mbele ya diski ili isomeke bila kufungua kitu. Mashine, alisema, inazipa diski majina ya kupanga. Ukiizima na kuiwasha, aliyekuwa wa kwanza anaweza kuamka wa pili. Jina la mashine usiliamini. Namba ya ubavuni ndiyo sura ya mtu.

Kadi zile zilituletea aibu moja ambayo bado inanichekesha. Fundi alikuwa ameweka kadi ya diski iliyokufa juu ya meza yangu, mimi nikaenda kula, na mwenzangu wa takwimu akaikusanya pamoja na nyingine. Taarifa ya vifo ya robo mwaka ikaenda mkoani ikiwa na marehemu mmoja asiye na jinsia, mkazi wa kitanda cha chini, aliyefariki kwa madoa yasiyotibika baada ya homa kali. Swali likarudi kwa maandishi: ugonjwa gani huu, na je, waliomzunguka wamepimwa? Mganga mfawidhi wa wakati ule, mkuu wetu, alimwita Fundi na kumfokea. Yeye akajibu kwamba aliyemzunguka ni mmoja tu, amepimwa, na kusema kweli hali yake si nzuri, naomba fedha za diski.

Alipewa.

Dukani pia alikuwa na vita yake. Mjini kuna mwenye duka la vifaa vya umeme, Mhindi wa siku nyingi, mtu mpole, duka la babu yake. Fundi alikuwa akitaka diski mbili, lakini hakubali zitoke boksi moja.

"Mama, watu wote wanataka zinazofanana," mwenye duka alimwambia nikisikia.

"Mimi sitaki. Zilizozaliwa siku moja na kufanya kazi moja zinakufa wiki moja. Nipe moja ya boksi hili. Nyingine uiagize popote, nitangoja."

"Utangoja mpaka gari la Mwanza."

"Nimewahi kungoja zaidi ya hapo."

Akangoja kweli, na diski ilipofika akaigeuza, akasoma tarehe ya kutengenezwa, akasema asante baba, Mungu akuzidishie. Mwenye duka akanikonyeza. Miaka iliyofuata alikuwa akimwekea diski pembeni kabla hajaulizwa, kila moja ya mzigo wake.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa hadhari katika kila kitu. Huyu mama aliyetaka vitu viwiliviwili alikuwa na miwani moja, imefungwa kamba ya kiatu. Alikuwa na ufunguo mmoja wa nyumba yake kule Chemchem, na mara tatu nimesimama naye barazani tukimngoja fundi wa makufuli. Simu yake ilipotumbukia kwenye beseni la nguo, namba zote za ndugu zake zilipotea, na alikaa mwezi mzima akingoja wao ndio wampigie. Nilimcheka. Nikamwambia, Fundi, pacha wa simu yuko wapi, nakala inalala nyumba gani? Alikasirika hadi akaacha kuninunulia chai siku mbili.

Na makosa alifanya. Moja aliliandika mwenyewe. Aliwahi kubadilisha diski ya juu vizuri kabisa, U zikarudi mbili, tukafurahi, lakini akasahau kuweka kwenye ile mpya kile kipande kidogo cha programu cha kuamshia mashine. Miezi ikapita bila mtu kujua. Ilipokuja kufa diski ya chini, mashine ikazimwa na haikuamka tena, kwa sababu aliyebaki hakujua namna ya kuamka. Ilimchukua siku mbili kuisimamisha. Mkuu hakuelewa kilichotokea, na Fundi angeweza kusingizia umeme na wote tungeamini, maana umeme wetu husingiziwa kila siku na mara nyingi ni kweli. Alichukua kadi ya ile diski, kwenye nafasi ya sababu akaandika: kosa la fundi. Akaiweka faili pamoja na nyingine.

Nilimuuliza kwa nini amejichongea.

"Ili atakayekuja baada yangu asilirudie," akasema. "Wewe unadhani kadi ni ya nini?"

Mji wetu unapenda kuwasimulia wageni habari za misafara, pembe, njia ya kwenda pwani, vilima vilivyopumzisha watu. Fundi hizo habari zilimchosha. Alisema historia yote ya hapa ni mizigo: mtu anabeba, anachoka, mwingine anaingiza bega kabla mzigo haujagusa chini. Hao waliobeba hakuna aliyeandika majina yao. Aliposema hivyo sauti yake ilibadilika, na mimi nilijua kwa nini, ingawa hatukuwahi kulizungumza.

Kabla ya mashine, kumbukumbu zetu zilikuwa karatasi kwenye stoo ya nyuma. Mvua iliingia upande mmoja, mchwa upande mwingine. Mume wa Fundi alikuwa mgonjwa wetu wa zamani, na kwenye faili lake paliandikwa kwa wino mwekundu dawa ambayo mwili wake haukuipokea. Siku aliyoletwa hajitambui, Fundi alikuwa safarini Kaliua. Daktari wa zamu akaagiza faili. Faili halikuonekana. Akampa dawa aliyoiona inafaa, na kwa mtu mwingine yeyote ingefaa. Fundi aliporudi kwa treni ya kesho yake, alimkuta amekwisha kufunikwa.

Miongoni mwa makarani waliotumwa kutafuta faili lile nilikuwa mimi.

Sikuwahi kumwambia. Tulifanya kazi mlango kwa mlango, tukala sahani moja, nikamuuguza alipougua mguu, na kila mara nilipotaka kusema, nilijitafutia kazi nyingine. Baada ya msiba wake ndipo alipoomba hospitali inunue mashine, akasumbua ofisi moja baada ya nyingine mpaka wakachoka naye. Ilipofika, na sisi makarani tulipokuwa tukiingiza mafaili yaliyosalimika, lililoliwa nusu, lenye ukungu, lisilo na jalada, alisimama nyuma ya viti vyetu akasema mara moja tu: "Humu halipotei jina tena." Karatasi zile baadaye zilichomwa, hazikuwa zinafaa. Tangu siku hiyo watu wa Goweko, wa Kaliua, wa mitaa yote ya mjini, dawa zao na mizio yao na matokeo yao ya damu viko kwenye zile U mbili. Ndiyo maana akisalimia mashine sikumcheka.

Na ilikuwapo nakala, ile inayolala nyumba nyingine. Kila Ijumaa alijaza diski ya nje na kuipeleka jengo la wazazi, kwenye kabati la muuguzi mkuu.

Alistaafu. Walimpa hotuba na beseni. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, mtoto wa jicho pande zote mbili. Mganga mfawidhi mpya alileta kampuni ya mafundi, watu wa fulana zenye nembo, waliokuja mara moja kwa mwezi, na kadi za kijani zikaitwa uchafu. Nilizichukua nikaziweka kwenye droo yangu. Sikuomba ruhusa. Na asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la mapokezi, niliingia chumba cha seva nikatazama herufi mbili, kama alivyonionyesha. Hakuna aliyenituma.

Kiangazi kilichopita nikaona pengo. U moja na mstari.

Nilitoa taarifa saa mbili asubuhi. Fundi wa kampuni alikuwa mjini, akaja haraka, na hilo nampa haki yake. Akaizima mashine, akaiwasha, pengo bado lipo. Akasema mbele ya mganga mfawidhi kwamba ataitoa diski ya juu, aifute, airudishe, mara nyingi zinapona zikifutwa. Nikauliza amejuaje kuwa ni ya juu. Akasema mashine imeitaja ya kwanza. Nikakumbuka: jina la mashine usiliamini. Plasta zilikuwa zimebanduliwa kwa usafi. Nikakimbilia jengo la wazazi kutafuta diski ya nakala, nikaiona, nikaichomeka kwenye kompyuta ya hukohuko. Ilikuwa imejaa video za sherehe ya sendofu ya mmoja wetu. Mtu aliona ina nafasi.

Kwa hiyo maisha ya watu wote wale yalikuwa kwenye diski moja iliyobaki, na mkono wa mtu ulikuwa unakwenda kufuta mojawapo kwa kubahatisha. Nilirudi, nikaingia kati ya fundi wa kampuni na mashine mpaka akatoka, nikafunga mlango, nikauegemea.

"Mama, unazuia kazi," mganga mfawidhi akasema kutoka nje.

"Nazuia, daktari."

"Kwa mamlaka gani?"

Sikuwa na mamlaka yoyote. Nikampigia Fundi.

Alikuja kwa bajaji, na fimbo, na miwani ileile isiyomsaidia tena. Watu wa foleni walimpisha. Aliuliza maswali mawili, nani ameizima leo, na nani ameandika chochote tangu jana, kisha akamwambia mganga mfawidhi kwamba hospitali itaandika kwenye karatasi mpaka kazi iishe, maana diski iliyobaki haitakiwi kubebeshwa mambo mawili, kuhudumia foleni na kumnakilia mwenzie. Mkuu akasema haiwezekani, foleni imefika getini. Fundi akaomba kiti. Akakiweka mlangoni, akakaa. Mlinzi akaitwa amtoe.

"Shikamoo, mama," mlinzi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitoa?"

"Hapana. Nimekuja kukusalimu." Akarudi getini.

Tulianza. Yeye alisema, mimi niliandika, fundi wa kampuni akiwa amekunja mikono. Mashine yenyewe ukiiuliza vizuri inakupa namba ya ubavuni ya aliyekufa. Nikaisoma kwa sauti. Fundi akanyoosha kiganja, nikampa kadi kutoka kwenye droo yangu, akanirudishia, hakuweza kuiona. Nikasoma: kitanda cha chini. Tukaizima mashine, nikachungulia na tochi, nikasoma namba kwenye diski yenyewe. Ilikuwa ya chini. Ya juu, ile iliyotaka kufutwa, ndiyo iliyokuwa nzima.

Fundi wa kampuni alikunjua mikono yake. Akaleta diski mpya kutoka garini bila kuombwa, akaifunga mwenyewe, skrubu zote nne, na nilimheshimu kwa hilo.

Mashine ilianza kunakili kutoka kwa aliye hai kwenda kwa mgeni, asilimia moja moja, na ilikokota mpaka alasiri. Huyo aliye hai alikuwa mzee. Mara kadhaa alikwama mahali, nikamwona Fundi akisikiliza kwa sikio, mdomo ukichezacheza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Chai ililetwa ikapoa.

Kisha U ya pili ikarudi.

Mganga mfawidhi akashusha pumzi, akasema vizuri sana, sasa tufungue dirisha, watu wamechoka.

"Bado," Fundi akasema. "Huyu wa juu naye ana madoa. Ametumalizia kazi yetu kwa huruma tu. Atolewe leo, aingie mwingine mpya."

"Kesho, mama."

"Leo. Na mimi macho yangu yamekwisha, siwezi." Akageuza uso upande wangu, si sawasawa, kidogo pembeni. "Atatoa huyu. Peke yake."

"Huyu ni karani," mkuu akasema.

Fundi aliweka fimbo magotini.

"Daktari, wewe hukuwepo. Siku mume wangu anakufa humu, faili lake lilitafutwa na watu wanne. Watatu walisema limepotea wakaenda kunywa chai. Mmoja alilala kifudifudi chini ya makabati mpaka jioni, maiti imekwisha kupelekwa, yeye bado anatafuta. Nilifika kesho yake nikamkuta ana vumbi mpaka kwenye nyusi, amerudi tena kutafuta, wakati halina kazi tena. Hakuniona. Mashine hii niliiomba ili mtu kama huyu asitambae tena. Sasa mpishe."

Miaka yote ile alikuwa akijua. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa na hasira pia, sijui hasira ya nani, yake kwa kuninyamazia au yangu kwa kujificha.

Nikamwekea mgeni kile kipande cha kuamshia mashine, kisha nikaandika amri ya kumwondoa pacha mzee. Nikaizima mashine. Nikapiga magoti, nikamulika, nikasoma namba ile tarakimu moja moja, kwa sauti ya kusikika mpaka foleni. Nikaisoma mara ya pili.

"Na ukikosea?" mganga mfawidhi akauliza.

"Nitaandika kwenye kadi kwamba nimekosea mimi," nikasema, nikaivuta.